Umeongea Pointi

Mwaka jana nilipeleka kitenge kwa fundi wangu wa nguo, mama wa makamo mwenye cherehani ya kukanyaga kwenye baraza ya nyumba yake. Kitambaa kilikuwa hakitoshi. Dada yangu alitaka gauni la mikono mirefu lenye kola, na mimi mkononi nilikuwa na yadi mbili na nusu tu. Tena kitenge chenyewe kilikuwa na maua yanayotazama upande mmoja: ukigeuza kipande ili upate nafasi, maua yanasimama kichwa chini. Mama alikitandaza mezani, akavua futi shingoni, akapima, akakunja, akakunjua, akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akachukua chaki. Baada ya siku tatu gauni likawa tayari, na mikono yake mirefu na kola yake. Nikamwambia kwa furaha ya kweli, "Mama, wewe ni jiniasi!" Akatabasamu, akasema, "Ahsante, mwanangu," akarudi kwenye cherehani. Mazungumzo yakaishia hapo.

Jibu lile limenikaa moyoni. Nilikuwa nimempa neno kubwa kuliko yote niliyokuwa nayo ya kusifia akili ya mtu, naye akalipokea kama anavyopokea salamu ya mpita njia. Hakukosa adabu hata kidogo. Neno lenyewe ndilo halikugusa chochote alichokifanya.

Jiniasi ni neno la Kiingereza ambalo sasa tunalitumia kila siku, kijiweni, ofisini, kwenye matangazo ya mpira. Waingereza nao walilipata kutoka Kilatini, na kwa Warumi wa kale lilikuwa na maana nyingine kabisa. Lilikuwa jina la roho inayozaliwa pamoja na mtu na kumlinda maisha yake yote, na siku ya kuzaliwa kwake mtu aliitolea sadaka. Mtu alikuwa nayo, lakini yeye mwenyewe hakuwa hiyo roho. Ilichukua karne nyingi, hadi Ulaya ya karne ya 18, kwa neno hilo kutulia katika maana ya mtu wa aina ya peke yake, aliyeumbwa tofauti na wenzake. Sisi tumelipokea likiwa limeshafika hapo. Tukisema "wewe ni jiniasi" tunamtoa mtu katika kundi letu na kumweka mahali ambapo hatuwezi kumfuata.

Kiswahili hakina mazoea hayo. Sisi husema mtu ana akili. Kwetu akili ni kitu ambacho mtu yuko nacho, na kwa kuwa yuko nacho anaweza kukitumia, kukipoteza, na kukipata tena. Tunasema akili zimemruka, akili zimemrudia, tia akilini, tumia akili, akili yako ilikuwa wapi. Wazee wakasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Neno hili tumelitoa kwenye Kiarabu, na huko linatokana na mzizi mmoja na kamba wanayomfungia ngamia mguu ili asipotee usiku. Napenda sana picha hiyo. Ndani yake, mwenye akili ni yule anayeweza kuishika nafsi yake isikimbilie jibu la kwanza, kama fundi aliyekaa kimya mbele ya kitambaa kisichotosha huku chaki ikiwa bado mezani.

Liko neno jingine la Kiingereza lenye safari ya ajabu zaidi. Smati, kwa mdomo wetu, ni mtu aliyevaa vizuri: shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa. Katika Kiingereza cha kale asili yake ilikuwa maumivu, ule uchungu wa kuwasha unaousikia sabuni ikiingia jichoni, na kitenzi chake hadi leo kina maana hiyo. Kutoka kwenye uchungu mkali likaenda kwenye wepesi mkali, likazaa ukali wa akili, kisha utanashati. Sisi tukachukua la mwisho, tukaliacha kwenye nguo. Wamarekani wamelipeleka kichwani, na ndilo neno ambalo mama wa Kimarekani humwambia mwanawe anaporudi na alama nzuri: una akili sana wewe.

Watafiti wawili wa huko, Claudia Mueller na Carol Dweck, walilipima neno hilo na kuchapisha matokeo mwaka 1998. Waliwapa watoto wa darasa la tano mafumbo ya kufumbua. Walipomaliza, wengine walisifiwa kwa akili zao na wengine kwa bidii waliyoifanya. Kisha wote wakapewa mafumbo magumu yaliyowashinda, na baada yake mengine yanayolingana na yale ya kwanza. Waliosifiwa kwa akili walishuka, na waliosifiwa kwa bidii walipanda. Walipotakiwa kuchagua, wale wa kwanza wengi walipendelea kazi nyepesi isiyoweza kuwaaibisha, na wapo waliodanganya kuhusu alama zao. Wataalamu wamebishana baadaye juu ya ukubwa wa athari hiyo, na mimi sitaki kuujenga msikiti wote juu ya nguzo moja. Lakini mtu yeyote aliyesoma shule zetu analijua jambo lenyewe bila kuambiwa na mtafiti.

Shuleni kwetu Tanzania mwanafunzi mkali huitwa kipanga, kwa jina la ndege anayeona kutoka juu na kushuka na windo lake. Anayeburuta mkia huitwa kilaza. Nimewaona vipanga wa darasa la saba, waliojibu kila swali kwa Kiswahili, wakifika kidato cha kwanza ambako masomo ni kwa Kiingereza, na ghafla wakanyamaza. Hakuna kilichoondoka vichwani mwao wakati wa likizo. Lugha ya kujibia ndiyo iliyobadilika, na kwa kuwa walishaaminishwa kwamba kuwa kipanga ni maumbile yao, walipokwama walidhani maumbile ndiyo yamewaacha. Baadhi yao hawakunyoosha mkono tena. Hapo naziona hatari mbili katika sifa moja. Ukimwambia mtoto kwamba yeye ni fulani, umemfundisha pia kwamba anaweza kuacha kuwa fulani. Na akili ikishazoea kusifiwa kwa Kiingereza, watu huishia kudhani Kiingereza chenyewe ndiyo akili. Mvuvi anayesoma upepo na nyota huambiwa ana uzoefu. Jina la jiniasi anapewa mwenye kompyuta mapajani.

Yupo mwanafunzi mmoja wa Tanzania ambaye kisa chake kinanifundisha zaidi kuliko vitabu vingi kuhusu namna ya kuiheshimu akili ya mtu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unachanganya sukari, unaacha yapoe, ndipo unaweka kwenye friji. Nafasi ya friji ilikuwa ndogo. Mwenzake mmoja akaweka maziwa yake bila kuyachemsha, na Mpemba, akiogopa kukosa nafasi, akaweka ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi, ya Mpemba yalikuwa yameganda na ya mwenzake bado. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa katika shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na mwalimu mwingine akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Mwalimu huyo na wanafunzi wenzake wakaigeuza kuwa mzaha: kila alipokosea hesabu, ikawa hesabu ya Mpemba.

Kisha akaja mgeni kuzungumza na shule, Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa chuo kishiriki. Mpemba akasimama na swali lake lilelile, na wenzake wakacheka. Osborne mwenyewe hakuamini. Lakini aliporudi chuoni akamwagiza fundi wa maabara alijaribu jambo lile, na maji ya moto yakaganda kwanza. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja, jina la mwanafunzi na jina la mhadhiri, na leo jambo hilo linaitwa athari ya Mpemba duniani kote. Wanasayansi bado wanabishana linatokeaje, na hata kama hutokea kila mara.

Wale walimu wawili walimtazama Mpemba, wakaamua ni mtu wa namna gani. Osborne alilitazama swali. Hata kama angemwita jiniasi mbele ya shule nzima, makofi yangepigwa, kengele ingelia, na swali lingebaki palepale lilipokuwa. Kupeleka neno la kijana maabara na kulijaribu ilikuwa heshima kubwa kuliko sifa yoyote, na ilitoka kwa mtu ambaye hata hakukubaliana naye.

Sisemi watu wote wamelingana vipaji. Hawajalingana, na asiyeliona hilo hajawahi kumsikia mtoto wa miaka sita akikariri kwa ufasaha kile ambacho mtu mzima anakisoma kwa kusitasita. Ninalosema ni kwamba lugha yetu ina busara inapokataa kuifanya tofauti hiyo kuwa ukuta. Tazama neno mwerevu: linakwenda pamoja na kuerevuka, yaani mtu amefika hapo alipo kwa kufunguka macho. Tazama mjinga: pwani ya zamani lilikuwa pia jina la mgeni, aliyefika karibuni na hajaujua mji. Mgeni hukaa, akazoea. Ndiyo maana Uhuru ulipokuja ujinga uliweza kutajwa miongoni mwa maadui watatu pamoja na maradhi na umaskini, na mwaka 1970 Nyerere akautangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, bibi na babu wakashika kalamu bila mtu kuona wametukanwa. Upumbavu usingeweza kupigwa vita namna ile. Ujinga unaweza, kwa sababu una mlango wa kutokea.

Na yapo maneno ya Kiingereza tuliyoyachukua tukayafuga vizuri. Pointi ni mojawapo. Kaa barazani jioni, watu wanabishana juu ya maji, mahari, siasa, timu. Mara mmoja, aghalabu yule aliyekuwa kimya, anasema jambo, na mwingine anampigia paja: "Hapo umeongea pointi!" Hakuna aliyeitwa kipanga. Lililosifiwa ni neno lililosemwa sasa hivi, lililo mbele ya wote, ambalo kila mmoja anaweza kuliokota na kuendelea nalo. Muuza kahawa anaweza kuongea pointi na profesa akakosa, na kesho ikawa kinyume chake. Katika sifa zote za akili tulizoazima kwa Waingereza, hii ndiyo ninayoiona ya haki kuliko zote.

Upungufu wake ni kwamba inawafikia wanaosema tu, na fundi wangu hakusema kitu. Nilimrudia mwezi uliofuata na kitambaa kingine. "Shikamoo, mama." "Marahaba." Safari hii nilikuwa nimelitazama gauni la dada yangu vizuri. Nikamwambia, "Mama, maua yote yanatazama juu, hadi mikononi, na kitambaa kilikuwa kidogo. Ulikatia wapi?"

Akaweka mkasi chini. Akanivutia kigoda. Akachukua gazeti, akalikunja kama alivyokikunja kitenge, akanionyesha kwamba alipunguza upana wa sketi kidogo pande zote mbili, na mikono ikatoka kwenye vipande vilivyobaki kandokando, imesimama wima bila kugeuzwa. Upande wa ndani wa kola hakuutoa kwenye kitenge kabisa. Aliutoa kwenye kitambaa cheupe, kwa sababu hakuna anayeuona. Akaniambia usiku wa kwanza alikata vibaya, kwenye gazeti, mara mbili. Nilikaa pale mpaka adhana ya magharibi.