Je, Ni Haki Kumpeleka kwa Mgeni?

Wapendwa, hapa Mtawanya mtu akivunjika mguu twatafuta gari hata usiku wa manane. Lakini akikosa usingizi miezi mitatu, akanyamaza na kukataa chakula, twasema, "Amepungukiwa imani," au, "Karogwa." Baada ya mauaji yaliyoitikisa Kibiti mwaka 2017, wako waliobaki na hofu moyoni, nasi hatukuwauliza.

Dar es Salaam wapo waliofunzwa kazi hiyo. Hospitali ya Taifa Muhimbili ina idara ya magonjwa ya akili. Lakini mji ni mkubwa, na aliyechoka moyo akishuka Mbagala hana nguvu ya kuuliza njia.

Je, ni haki amwambie mgeni siri alizowaficha jamaa zake? Twaona ni haki. Jamaa naye yumo katika jambo, huhukumu kabla ya kusikia. Mshauri aliyefunzwa husikiliza, huuliza, hutunza siri. Tusali, ndiyo, lakini asaliye hakatai dawa ya malaria.

Hata hivyo, kumtuma peke yake si kumsaidia. Yule Msamaria alimkabidhi majeruhi kwa mwenye nyumba ya wageni, akalipa, akaahidi kurudi. Hakuona haya kukabidhi, wala hakukabidhi akasahau.

Basi tuchange nauli. Mmoja wetu afuatane naye, amngoje nje, aikumbuke siku ya kurudi kwa mshauri. Nao wakifika nyumbani, tusimuulize alisema nini. Tumuulize kama amekula.