Koleo Jipya Anunue Nani?

Wahenga walinena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Sawa kabisa. Ila hawakutuambia koleo jipya atanunua nani, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Tangu nimalize kidato cha nne sijapata kazi ya kalamu, basi najifunza kukereza mbao katika karakana moja hapa Dar es Salaam. Asikudanganye mtu, ndugu msomaji, kerezo halina mzaha. Mti unazunguka mbio kati ya ncha mbili, nawe umeshika patasi iliyolala juu ya kiegemeo. Kwanza mgongo wa patasi uuguse mti, ndipo uinue mpini taratibu mpaka makali yaanze kula. Ukitanguliza makali, yananasa, patasi inaruka, na mguu wa kitanda unabaki na kidonda. Kilichokwisha kuondoka hakirudi.

Sheria ya karakana ni fupi: ukiharibu mti, thamani yake inakatwa kwenye posho yako. Juzijuzi mwenzangu alichana mguu mmoja wa mninga, akawa anarudi kwao kwa miguu wiki nzima. Fundi anasema, "Mimi mninga siuoti, naununua." Ana hoja. Mteja naye hawezi kulipia miguu mitano kwa kitanda cha miguu minne.

Lakini hivi, fundi mwenyewe alijifunzia kwenye mti wa nani? Hakuna mkono uliozaliwa unajua. Kama gharama yote ya kujifunza atabebeshwa asiyejua, ufundi utabaki kwa watoto wa wenye nazo, na sisi wengine tutabaki kufagia maranda.

Mimi naona tutenganishe ujinga na uzembe. Aliyeelekezwa, akajua, kisha akapuuza, alipe. Asiyeelekezwa hana deni. Mwenzangu hakuwahi kuambiwa kwamba patasi huteremka kutoka penye unene kwenda penye wembamba, na kwamba ukiipandisha inafumua nyuzi za mti. Kumkata posho ni kumtoza ada ya somo ambalo hakupewa. Hiyo ni dhuluma, hata kama imeandikwa ukutani.

Hata hivyo, haki ya mwanafunzi kuharibu ina mpaka. Mpingo, ule ambao Ulaya wanautengenezea klarineti, huchukua miaka 70 au zaidi kukomaa. Hapo hata fundi akisamehe, hasamehi kilicho chake, kwa sababu fedha yake ilinunua gogo tu, haikununua miaka. Anayeanza apewe mwembe kwanza, mpaka mkono utulie.

Na fundi asiseme anapata hasara. Kuna mtu alimvumilia zamani bila kumwandikia deni. Deni la namna hiyo halirudishwi kwa aliyekukopesha. Linalipwa kwa kijana aliyesimama mbele yako sasa hivi, ameshika patasi, anatetemeka.