Mwezi wa Pili wa Kutoa

Ukisali katika mtaa wa kijijini kwenye miteremko ya Uluguru, baraka ikishatolewa watu hawatawanyiki. Wanasogea chini ya mwembe na mnada wa sadaka unaanza: chane ya ndizi, mayai ndani ya kopo la pumba, jogoo aliyefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Mwenye fedha akimnunua jogoo, mara nyingi humrudisha anadiwe tena. Bibi aliyeshuka na ndizi kichwani bila senti mkononi naye anakuwa ametoa.

Mwaka 1978 taifa zima la Tanzania lilitoa namna hiyo. Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka, yakaikalia ardhi yetu hadi Mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Toka Morogoro hadi Kyaka ni zaidi ya kilomita 1,000. Mkulima wa karoti kule Mgeta angeweza kusema hayo ni ya watu wa Bukoba. Lakini wananchi wa kila pembe walichanga fedha, ng'ombe na chakula. Malori ya watu binafsi yakaingia kazini. Mgambo, wengi wao wakulima tu, wakaacha majembe wakaenda.

Naomba tukae zaidi na yaliyofuata. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, watu walishangilia. Kisha Mwalimu Nyerere akawaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Miezi ikapita, mkanda haukulegea. Muulize mama yako habari za foleni ya sukari, au za mche wa sabuni uliokatwa vipande ili kila nyumba ipate. Vita havikuwa sababu pekee, maana mafuta nayo yalipanda bei duniani, ila viliigharimu nchi sana. Kutoa ng'ombe siku ya hotuba, damu ikiwa inachemka, kuna wepesi wake. Kusimama foleni mwaka wa tatu bila kumlaumu ndugu uliyemtetea, hilo ni jambo la imani. Je, upendo wetu hufika mwaka wa tatu?

Kuna pia jambo la moyo. Waganda waliomkimbia Amin waliishi kati yetu, na baadhi yao walipigana bega kwa bega na askari wetu. Kwa hiyo kumchukia kila Mganda ilikuwa dhuluma, hata kama hasira ilikuwa na sababu. Paulo aliwaandikia Warumi kwamba adui akiwa na njaa alishwe, na aliwaandikia watu waliojua kuonewa. Unaweza kuwalilia walioumizwa bila kuwalaani watu wa upande wa pili? Usijibu haraka. Mimi nadhani ndicho kipande kigumu kuliko vyote.

Leo jirani yetu ni Kongo. Mji wa Goma ulitekwa na waasi wa M23 Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamesema jeshi la Rwanda linawasaidia waasi hao, Rwanda inakana. Mimi na wewe hatuna jeshi wala kiti cha mazungumzo. Tunaye mama Mkongo anayeuza vitenge, na pengine Mnyarwanda mpangaji wa nyumba ya pili; wote wawili wanahitaji salamu ya asubuhi. Tunayo simu, na tunaweza kukataa kusambaza picha ya maiti ambayo hatujui ilipigwa wapi. Na ipo kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, iliyopokea Wakongo tangu 1996, ambako chakula na nguo bado vinahitajika hata magazeti yakiwa yamehamia habari nyingine.

Basi, mpendwa, andika jina la mji mmoja kwenye daftari lako la maombi, Goma au Bukavu. Tenga kiasi kidogo kwa ajili ya wakimbizi, umkabidhi mhazini wa usharika wako. Mwezi ujao, mpelekee tena.