Walioajiriwa Saa Kumi na Moja

Mwanafunzi aliyeachwa nyuma na wenzake anadaiwa nini, na anamdai nani?

Nimefundisha hisabati miaka mingi. Tangu nistaafu, watoto ambao darasa limewapita huja jioni barazani kwangu hapa Mkolani. Mmoja aliugua. Mwingine anafuata ziwa: usiku wa giza dagaa huvuliwa kwa taa, yeye anaamkia kuwaanika, na mwezi ukishakuwa mpevu ndipo anaonekana shuleni. Yupo pia binti aliyejifungua akarudi kidato cha pili. Njia yake ilifunguka tarehe 24 Novemba 2021, Profesa Joyce Ndalichako, wakati huo Waziri wa Elimu, alipotangaza kwamba wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito waruhusiwe kurudi katika shule za mfumo rasmi. Wote huniuliza jambo lilelile: "Mwalimu, nitawafikia lini?"

Mimi naliona swali hilo kuwa la imani kabla halijawa la masomo. Anayeuliza hivyo anaamini kwamba muda uliopita ni deni la kulipwa lote, upesi, kwa kukesha. Binti yule alianza kwa kunakili madaftari ya rafiki yake, masomo yote, tangu Januari. Madaftari yakajaa, kichwani hakikubaki kitu.

Jirani yangu Mwislamu alinifikirisha. Aliyekosa kufunga Ramadhani kwa ugonjwa au safari hulipa kadha, siku kwa siku. Deni lipo, halikufutwa. Ila hakuna awezaye kufunga siku mbili ndani ya siku moja. Sisi Wakristo tunao vibarua wa Mathayo 20, walioajiriwa saa kumi na moja jioni wakapewa dinari ileile ya waliotangulia alfajiri. Mahubiri mengi hukazia ujira. Mimi husimama pale mwenye shamba anapowauliza kwa nini wamekaa mchana kutwa bila kazi, nao wanajibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Habishani nao. Anawatuma shambani.

Najua mtu atasema Baraza la Mitihani si mwenye shamba wa Mathayo. Ni kweli. Karatasi ya aliyeugua na ya aliyehudhuria kila siku husahihishwa kwa kipimo kimoja, na hilo ni haki. Kwa sababu hiyohiyo kukesha juu ya madaftari ya kunakili ni kumdhulumu mtoto: kunamchosha bila kumpa kitu cha kuandika siku ya mtihani.

Mimi na binti tulitafuta mahali uelewa ulipokatika. Alikwama kwenye logi. Tukashuka kwenye vipeo, napo akakwama; tukashuka tena mpaka sehemu, hesabu za shule ya msingi. Alikuwa amezisoma kwa Kiswahili, akazikuta kidato cha kwanza kwa Kiingereza, na hakuna aliyemwonyesha kwamba ni zilezile. Kumbe hakuachwa nyuma na miezi ya uzazi peke yake. Tulipozinyoosha sehemu, vipeo vilimchukua siku chache tu.

Kila jioni anasoma ukurasa mmoja, anafunga kitabu, na kuandika kwenye karatasi tupu yote anayokumbuka. Kisha anafungua na kuangalia pengo liko wapi. Anarudia kesho, halafu baada ya siku tatu, halafu baada ya wiki. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima kumbukumbu yake mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885, alionyesha kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni, kisha kasi hupungua, na kwamba marudio yaliyoachiwa nafasi hushika kuliko yaliyorundikwa pamoja. Mada ambazo hazibebi nyingine tumeziacha kwa sasa. Kuchagua cha kuacha kulimwuma, lakini ni lazima.

Chuo Kikuu kilichopo Malimbe, hapo jirani, kinabeba jina la Mtakatifu Augustino. Katika kitabu cha kumi na moja cha Maungamo, Augustino anahoji yaliyopita yako wapi, na anaona kwamba yamo katika kumbukumbu, kama yajayo yalivyo katika matarajio, yote mawili ndani ya roho ya mtu sasa hivi. Nikiifuata fikra hiyo, somo lililokosekana mwezi Machi haliko tena Machi. Upungufu wake uko hapa, kwenye hesabu hii iliyogoma. Kinachohitaji kutengenezwa kinafikika leo jioni, na miezi iliyokwenda haimdai mtoto chochote.

Basi mzazi, na wewe mwalimu mwenzangu, mtoto akirudi darasani msimwambie amechelewa, analijua hilo. Muulizeni alipokwama, mkae naye hapo, na nyumbani mumwachie saa moja ya jioni isiyo na vyombo vya kuosha wala mtoto wa kubembeleza.