Ujana wa Mtu na Amri ya Taifa

Wizara ya vijana na michezo haifanani na wizara nyingine za serikali. Wizara ya ujenzi hushughulika na mawe, na jiwe lililowekwa kando leo laweza kujengewa mwakani. Wizara ya vijana hushughulika na umri, nao umri hauwekwi ghalani. Tanganyika iliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962. Tanzania ikatunga sheria ya Baraza la Michezo la Taifa mwaka 1967. Kwa vyombo hivyo taifa lilijipa amri juu ya kitu kisichorudi kikipita. Je, lina haki ya kuutumia ujana wa mtu mmoja katika jambo la watu wote?

Swali hili lilimfikia Filbert Bayi mwaka 1976. Miaka miwili kabla ya hapo, tarehe 2 Februari 1974, alikimbia mita 1,500 mjini Christchurch kwa dakika 3 na sekunde 32.2, muda ambao hapana mwanadamu aliyekuwa ameufikia. Aliongoza tangu mwanzo, kama mtu asiye na haja ya kujua nani yu nyuma yake. Aliyekuwa nyuma ni John Walker wa New Zealand, naye alikimbia kwao. Ulimwengu ukangoja wawili hao wakutane tena katika Olimpiki ya Montreal. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilizuru Afrika Kusini mwaka ule ule ambao wanafunzi walipigwa risasi Soweto. Nchi za Afrika zilitaka New Zealand itolewe mashindanoni, zikajibiwa kuwa raga si mchezo wa Olimpiki. Jibu hilo lilikuwa sahihi kwa kanuni na bovu kwa haki. Nchi zaidi ya 20 zikajitoa, Tanzania miongoni mwao.

Hapana shaka sababu ilikuwa njema. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu 1963. Kunyamaza kungalikuwa kujikana. Lakini wema wa sababu haufuti swali la nani aliyelipa. Mshahara wa waziri haukupungua siku ile, wala wa karani wake. Sadaka hutolewa na mwenye mali. Kinachotolewa na mwingine kwa niaba yake ni kodi, hata kikienda mahali pema, na mtoza kodi hudaiwa hesabu.

Yamkini mtu atasema Bayi alilipwa Moscow mwaka 1980, alipopata medali ya fedha katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, yeye na Suleiman Nyambui wa mita 5,000 wakiwa Watanzania wa kwanza kupata medali za Olimpiki. Hesabu hiyo haikubaliki. Mbio zile si hizi, na miaka 27 si 23. Wala haifai kudai kuwa alinyang'anywa dhahabu, maana mbio ambazo mtu hakukimbia hazimpi ushindi. Alichonyimwa ni haki ya kushinda au kushindwa kwa miguu yake mwenyewe.

Walker alishinda Montreal kwa dakika 3 na sekunde 39.2, sekunde saba nyuma ya muda wa Christchurch. Naye hakuwa mchezaji wa raga.