Yoga, Maradhi ya Roho, na Wajibu Wetu kwa Watoto Walio Vyuoni

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu Waislamu, wazee wenye watoto katika vyuo vikuu watuuliza: watoto wetu huitwa kufanya yoga ili kupunguza dhiki ya mitihani na upweke wa kuwa mbali na kwao. Je, hiyo si ibada ya Mabaniani?

Jawabu yetu ni hii. Asili ya yoga ni Bara Hindi, na hapana shaka imefungamana na dini ya huko. Wala jambo hili si geni kwa wanavyuoni wetu. Al-Biruni, yapata miaka 1,000 iliyopita, alikifasiri kwa Kiarabu kitabu cha Patanjali juu ya yoga. Alisoma na akapambanua, wala hakutoka katika dini yake. Mwaka 2009 Baraza la Maulamaa la Indonesia lilitoa fatwa: yoga yenye matamko na ibada za Kihindu ni haramu, iliyo mazoezi ya mwili tu haina kosa. Saudia nayo mwaka 2017 iliikubali katika hesabu ya michezo.

Basi mpaka u dhahiri. Kunyoosha viungo na kuvuta pumzi polepole si milki ya dini yoyote. Pumzi ikitulia, moyo hupiga kwa utaratibu na maungo hulegea. Ama kutamka majina ya miungu au kulitukuza jua, hiyo ni shirki, na Muislamu na ajitenge nayo.

Lakini, ndugu zetu, suala lililo zito silo hili. Mzee huuliza kama yoga ni haramu, wala haulizi kwa nini mwanawe halali usiku, hali chakula, na amewakimbia rafiki zake. Akiambiwa mtoto ana maradhi ya roho, husema ni udhaifu wa imani, au humpeleka kwa mganga, au humficha kwa kuogopa maneno ya watu.

Je, Nabii Yaakub (A.S.) alikuwa dhaifu wa imani? Alimhuzunikia Yusuf hata akapofuka macho. Na Mtume wetu (S.A.W.) akiomba kinga kwa Mola wake kutokana na dhiki ya moyo na huzuni, na alipoulizwa juu ya kujitibu aliamrisha watu wajitibu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi, akabainisha kuwa iko huzuni yenye sababu inayojulikana, na iko isiyojulikana sababu yake, nayo asili yake ni mwilini. Basi tusimwambie kijana, "Una nini cha kuhuzunikia?"

Wako wasemao kuwa Sala yatosha. Sala ni nguzo ya dini, na dhikri hutuliza nyoyo. Lakini mwenye homa husali, na dawa akanywa.

Khatari si ndogo. Shirika la Afya Duniani lahesabu kuwa watu zaidi ya 720,000 hujiua kila mwaka, na kwa vijana wa miaka 15 mpaka 29 hiyo ni sababu ya tatu ya vifo. Hapa Kenya aliyejaribu kujiua aliweza kufungwa, mpaka Januari 2025 Mahkama Kuu ilipohukumu kuwa sharti hilo lapingana na Katiba. Kujiua ni dhambi kubwa. Lakini mgonjwa hatibiwi kwa jela wala kwa matusi.

Basi yatupasa mambo matatu. Kwanza, tuwasikilize watoto wetu kabla ya kuwahukumu. Pili, mazoezi yasiyo na shirki tusiwazuilie, ila tujue kuwa ni msaada kwa wasiwasi mdogo, wala hayawi badala ya tabibu. Tatu, maradhi yakizidi, baba na mama wampeleke mtoto kwa daktari mchana kweupe, kama wampelekavyo aliyevunjika mguu.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie kuwa sitara kwa watoto wetu, wala si mzigo juu ya mizigo yao. Amin.