JE, WANAADAMU WATAHAMIA SAYARI NYINGINE?

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Himidi zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume Wake Muhammad, na aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Watu waulizana: je, itakuja siku wanaadamu wahame ardhi wakakae Mirihi? Wako wasemao kwamba kusadiki hayo ni kukufuru. Na wako wasemao kwamba yakitimia, dini itakuwa imekwisha. Makundi yote mawili yamepotea njia.

Ama wale wa kwanza, na wajue kwamba kusafiri si kumkana Mola. Watu walikanyaga mwezi mwaka 1969, wala hapana nguzo ya imani iliyoanguka. Katika pwani hii hii, kwenye jukwaa la Wataliana baharini mbele ya Ngomeni, karibu na Malindi, kilirushwa tarehe 12 Disemba 1970 chombo cha kupeleleza miale ya nyota, kikaitwa Uhuru. Nazo Falme za Kiarabu zilitangaza mwaka 2017 nia ya kujenga mji Mirihi ifikapo 2117, na chombo chao Al-Amal kilianza kuizunguka sayari hiyo Februari 2021.

Ama wale wa pili, na wajue kwamba sharia humfuata mukallafu popote aendapo. Mwaka 2007 Mmalaysia Sheikh Muszaphar Shukor alipokwenda angani katika Ramadhani, nchi yake ilimbainishia kibla: aelekee Kaaba, asipoweza, usawa wa Kaaba huko juu, asipoweza, ardhi, asipoweza, popote. Mirihi nako masuala hayatakosekana. Siku yake ni saa 24 na dakika 39, na miezi yake ni miwili. Hilali ya Ramadhani itatazamwa kwa mwezi upi? Madhehebu ya Shafii yashurutisha tayamamu kwa udongo tohara wenye vumbi. Je, udongo wa huko, wenye chumvi za sumu, wafaa? Hayo ni ya wanazuoni kuyapima.

Lakini liko suala zito kuliko hayo. Huko bara, katika Nassa, mkoani Simiyu, kwenye Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria, wavuvi wa dagaa hutoka na taa zao usiku usio na mwezi, na Mirihi huonekana juu yao ikiwa nyekundu. Mvuvi yule anavuta hewa bila ya kuilipia, na maji yamemzunguka. Mirihi hewa haivutiki, na baridi yake kwa wastani ni kama digrii 60 chini ya sifuri. Naye binadamu ameifanyaje neema ya ziwa? Miaka ya 1950 alitiwa sangara humo, na aina nyingi za furu zikatoweka. Huku pwani nako wako waliovunja matumbawe kwa baruti. Aliyeshindwa na amana hii ataichukuaje ya pili?

Katika Suratul Aaraf yamebainishwa maana haya: kwamba ardhini wanaadamu wataishi, humo watakufa, na humo watatolewa. Huenda wachache wakafika Mirihi, kama wachache wafavyo katikati ya bahari, na Mola hashindwi kuwakusanya. Lakini umma mzima kuhama, hapana dalili yake, wala hapana pa kuikimbilia hesabu.

Basi mvuvi na aache nyavu za kukomba vichanga na baruti ya kuua mwamba, na kila mtu aitunze nyumba aliyopewa. Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin. Wallahu aalam.